Mabenchi Mapya ya Chumba cha Vidonda

9 Januari

Kwa mpwa wangu Kijiko, mpishi wa kambi,

Pokea salamu za mjomba wako, na kabla hujazipokea ukae chini, maana ni nzito. Huku sote tunapumua. Mke wangu anapumua kwa kelele akilala, asubuhi anakana. Pacha wa jirani wameota meno, nikiwapakata wananing'ata vidole, sijui nani kawaambia mimi ni muwa. Karakana inakwenda. Mwezi uliopita nilimtengenezea hakimu kochi. Alipolijaribu tu usingizi ukambeba, kesi ikaahirishwa, na mshtakiwa naye akaomba alikalie kidogo. Usinibishie, muulize karani wa mahakama.

Mama yako hajambo. Kile kidonda cha kidole chake cha mguu bado hakijakubali kufunga, si unajua kisukari kinavyokaa kwa mtu kama mpangaji asiyehama. Lakini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anajikongoja na fimbo yake mpaka zahanati, chumba cha vidonda, Sista anakisafisha na kukifunga upya, wanasengenya watu wawili watatu, anarudi chai haijapoa.

Sasa jambo lililonishikisha kalamu. Wakuu wa huduma za afya wameleta mpango wa mabadiliko. Chumba cha vidonda kifungwe, Sista ahamishiwe hospitali kuu. Hospitali kuu ni mabasi mawili na kile kilima. Wao wanaita kuboresha. Ila hawawezi kujifanyia tu. Lazima Kamati ya Afya ya Baraza la Mji ije zahanati, ione kwa macho yake, isikie watu, ndipo iseme ndiyo au hapana. Ikisema hapana, mpango unafyata mkia.

Mkutano wa mtaa uliuliza, nani atawapokea madiwani na kutusemea? Shingo zote zikanigeukia mimi. Si ndiyo sauti hii iliyowahi kusimamisha basi likiwa limeshavuka daraja? Shule niliiacha darasa la sita kwa kuwa walimu waliishiwa na cha kunifundisha, lakini koo nilipewa. Hawaniiti Kipaza bure.

Mama yako aliposikia akasema, "Wamechagua mdomo, masikio wameyaacha nyumbani." Anatania. Ndivyo dada wakubwa walivyo.

Kula vizuri, wewe ndiye mwenye mwiko. Kuhusu chumba cha vidonda lala usingizi, kiko mikononi mwangu.

Mimi mjomba wako, Kipaza, sauti ya mtaa.


27 Januari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika ikinuka dizeli, lakini kila neno linasomeka. Mimi mzima. Bwawa linapanda polepole na wajenzi wanakula kama wanalijengea tumboni. Simu hapa ni saa tu ya kuangalia wakati, mtandao hakuna, kwa hiyo tuendelee kumtegemea dereva wa lori la vyakula. Msalimie mkaza mjomba. Mwambie namwamini yeye, hakoromi.

Mjomba, nisikilize. Siku ile daktari alipotuita mimi na Mama, wewe ulikuwa nje unamsimulia mlinzi habari za lile basi na daraja. Alisema kidonda kile kikikosa mtu anayejua kukisafisha kitashuka mpaka kwenye mfupa. Kikifika kwenye mfupa, hatutakuwa tena tunazungumzia kidole.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu. Siku ya wageni mpeleke Mama. Mkalishe mbele kabisa, bandeji ifunguliwe, waone. Na yule mzee fundi viatu, na yule mama muuza mkaa, na wote wenye miguu yao. Chumba kijae mpaka madiwani wakose pa kusimama. Usiwasimulie, Mjomba. Waache waone, na wanuse.

Nampa dereva soksi za Mama. Laini, hazina mpira wa kubana.

Mpwa wako, Kijiko.


20 Februari

Kijiko wangu,

Barua yako sijaiona. Nasikia mvua imeila barabara ya kwenu na lori limezama mpaka kwenye vioo. Si kitu, nakuandikia hivyo hivyo, habari hii ikilala itachacha.

Sisi wazima, mke wangu kapata miwani na sasa anaona vumbi nililoishi nalo kwa amani miaka yote. Pacha mmoja ametembea hatua zake za kwanza hapa karakana, akimfuata mjomba wako aliyekuwa na biskuti.

Madiwani wamekuja! Juzi Jumatano. Natamani ungekuwepo.

Mtu akipata mgeni hufagia, hilo halifundishwi na mwalimu. Niliuamsha mtaa mzima. Fundi rangi akapaka kuta, fundi vioo akaziba lile dirisha, kina mama wakasugua sakafu kwa sabuni ya ndimu mpaka ile harufu unayoijua ikahama. Na mabenchi! Unayakumbuka, yametoboka, sponji inachungulia kama panya. Niliyabeba yote kichwani kwa safari moja. Nikayashona upya kwa ngozi bandia ya kijani, mishono miwili miwili, vifungo vya shaba. Kazi ya namna hiyo ukiiona ikulu utasema wameiba kwangu. Jioni ya Jumanne nikapita nyumba kwa nyumba kuweka mambo sawa, pasibaki kitu cha kututia aibu mbele ya watu wazito.

Walikuja wanne. Mwenyekiti ni mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, akakaa kwenye benchi langu, akalipapasa. "Kiti kizuri hiki. Nani kashona?"

"Mimi!" Nilisema kabla hajafunga mdomo.

Halafu diwani mmoja mwenye kipara akachungulia chumba cha vidonda, akageuka. "Mbona hamna watu? Wagonjwa wa hapa wako wapi?"

Sista akataka kujibu, lakini msemaji nani? Nikamtangulia. "Mheshimiwa, wamepona! Mikono ya Sista huyu ugonjwa ukiiona unatokea dirishani, ndiyo maana dirisha tumeliweka jipya."

Walicheka, Kijiko! Kipara alitoa leso akafuta macho. Wakaandika, wakaandika, kalamu zikatoa moshi. Mwenyekiti akanipa mkono akasema hajawahi kuona zahanati safi namna hii. Sista alikwenda kusimama pembeni, akawa anakunja bandeji ambazo zimeshakunjwa. Nadhani furaha ilimlemea.

Tumeshinda. Subiri tu uamuzi.

Mjomba wako, Kipaza, mpokea wageni.


14 Machi

Shikamoo Mjomba,

Huku tu wazima. Barabara imefunguka juzi. Dereva amenipa barua yako, na chini ya kiti chake tumeikuta barua yangu ya Januari pamoja na soksi. Havikuondoka kamwe. Nakutumia vyote sasa.

Mjomba, wageni walikuja Jumatano. Jumatano ni siku ya Mama.

Mama alikuwa wapi?

Kijiko.


2 Aprili

Kwa mpwa wangu,

Salamu kutoka kwa wote, na wa karakana, na wa jirani. Pacha wa pili naye ametembea, ila kinyumenyume, nimewaambia wazazi wake huyo atakuwa mwanasiasa. Mke wangu alianguka na ndoo lakini ndoo ndiyo iliyoumia. Mvua imepungua. Soksi zimefika. Mama yako kazipenda, kavaa moja kwenye mguu mzima, nyingine kaiweka chini ya mto mpaka kidonda kitulie.

Nimezisoma barua zako zote mbili. Nimezisoma kwa mpangilio ulioziandika.

Uamuzi umetoka. Kamati imesema ndiyo. Tangazo limebandikwa kwenye mlango ule ule tulioupaka rangi. Linasema madiwani walifika wenyewe, wakaridhika kwamba jengo liko katika hali nzuri sana na kwamba wahitaji wa huduma hiyo ni wachache. Sista amekwishaondoka. Na kwa kuwa jengo ni zuri, chumba wamekipa idara ya vibali. Watu wanasubiri mihuri yao kwenye mabenchi yangu.

Usidhani nimekaa. Nilikwenda mpaka ofisi za Baraza nikanguruma getini, mlinzi akatetemeka, kofia ikamwanguka. Geti lakini halikufunguka. Aliniambia kamati ikishaamua imeamua, labda wakati wa mapitio mwezi wa nane. Na yule kipara ana njama zake, nilimwona tangu mwanzo. Mtu gani anacheka vile halafu anapiga kura vile?

Mama yako anakwenda hospitali kuu. Basi la kwanza anapata kiti, la pili anasimama, halafu kilima. Foleni inaanza kabla jua halijaamua kama litachomoza. Alikwenda Jumatatu, wakamwambia muuguzi wa vidonda yuko siku nyingine. Akaenda hiyo siku nyingine. Wiki hii kasema atapumzika kidogo. Mke wangu anamsafishia nyumbani kwa maji ya chumvi na anajitahidi.

Fundi viatu hatoki tena ndani.

Kuhusu ulichouliza, siku ile ilikuwa na mambo mengi sana.

Mjomba wako, Kipaza.


29 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Mimi nina afya. Msalimie mkaza mjomba, mshukuru kwa maji ya chumvi, lakini mwambie asikwangue, apanguse polepole tu kwa kitambaa kilichochemshwa.

Nimeomba ruhusa nije. Msimamizi amesema niende nikishampata wa kushika mwiko, na huku mwenye kushika mwiko utamtoa wapi. Mpeleke Mama hospitali kuu, Mjomba, hata asipotaka. Mbebe.

Nikusimulie kidogo, maana wewe unapenda visa. Wiki iliyopita wakaguzi wa afya walikuja hapa kambini. Siku moja kabla, msimamizi aliniletea nyama, akasema, "Mpishi, kesho tupendeze." Vijana wanaokohoa kwa ajili ya vumbi la saruji akawaambia wakae nyuma ya matangi ya maji mpaka gari la wageni liondoke. Mmoja akauliza, "Na tukikohoa?" Akajibiwa, "Kohoeni kimyakimya." Wenzao walicheka. Mimi nilipika. Pilipili, vitunguu, kila kitu. Wakaguzi wakala, wakasifu mchuzi, wakauliza nani kapika, na nikanyoosha mkono.

Wakaondoka wameandika kwamba kambi haina mgonjwa.

Tangu siku ile chakula changu mwenyewe hakinipandi. Kwa hiyo siulizi kama mtu aliye juu ya mti akiwahukumu walio chini. Nauliza tena kwa sababu nataka unijibu wewe, siyo nijijibu mwenyewe. Mama alikuwa wapi?

Kijiko.


30 Mei

Kijiko,

Salamu. Wote wazima, isipokuwa.

Wamemkata mguu mama yako. Chini ya goti, wa kulia. Yuko hai, anaongea, jana kamgombeza mtu wa kitanda cha jirani kwa kula kwa mikono michafu.

Nilikwenda kumsalimia Jumapili nikakuta kidole kimekuwa cheusi na weusi umeshaanza kupanda. Alikuwa amekifunika. Nikamwambia twende, akasema, "Na hilo basi la kusimama?" Nikamwambia utasimama juu yangu. Basi la pili lilitushusha chini ya kilima. Nikambeba mgongoni.

Nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kukuandikia hapa. Kwamba nilikipanda kile kilima mbio na magari yakanipisha. Kweli yenyewe, nilipumzika kila penye ukuta. Sikuchoka kwa uzito, mpwa wangu. Alikuwa mwepesi, na wepesi huo ndio ulionisimamisha. Katikati akaniambia sikioni, "Nilikubeba hivi hivi mama alipokuwa sokoni. Ulikuwa mzito kuliko mimi sasa, na hukunyamaza hata mara moja." Nikampandisha vizuri mgongoni, nikaendelea.

Tulimkuta Sista kwenye ujia. Huku wamempangia kugawa shuka, kwa kuwa chumba cha vidonda cha hapa kina watu wake. Aliweka shuka chini, akapiga magoti, akafungua kitambaa. Alikifunga tena vizuri sana, kama vile anavyofunga yeye, halafu akaondoka kumtafuta daktari akiwa anakimbia.

Daktari aliuliza kwa nini tumechelewa. Mama yako akajibu, "Tulikuwa na wageni." Daktari hakuelewa.

Nijibu, Kijiko. Hata kwa kunitukana.

Mjomba wako.


11 Agosti

Mpwa wangu,

Niliandika Juni, nikaandika Julai. Dereva wa lori anasema barua unazipokea mwenyewe, mkono kwa mkono, unaziweka kwenye mfuko wa aproni na kurudi jikoni. Nimeridhika kwamba zinafika.

Mke wangu hajambo. Pacha wanakimbia sasa, hawaji sana karakana. Mama yako yuko nyumbani kwangu, chumba cha mbele, kitanda nimekigeuza aone njia. Fundi viatu tulimzika mwezi uliopita. Walikuja watu wengi, wote wale waliokuwa wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wale walioweza.

Jana kamati ilikaa kwa mapitio, kutazama mabadiliko yamezaa nini. Safari hii hakuna aliyenichagua. Nilikwenda tu.

Nimemtengenezea mama yako kiti cha magurudumu. Fundi baiskeli alinipa fremu, mimi nikaweka sponji na kitambaa. Kitambaa ni ile ngozi bandia ya kijani, ilibaki kipande. Mke wangu alileta shuka la kumfunika miguu kwa ajili ya ukumbi wa watu. Mama yako akalitoa, akamrudishia. "Nilishafichwa vya kutosha," akasema. Nilikuwa nimeinama nafunga bolti ya gurudumu. Sikuinua kichwa.

Uliniuliza mara mbili mama yako alikuwa wapi ile siku ya wageni. Safari hii alikuwa mstari wa mbele.

Mwenyekiti alikuwa yule yule, na kipara yule yule. Walipouliza kama kuna mwananchi mwenye neno nikasimama. Nilikuwa na maneno, Kijiko, nilikuwa nimeyapanga tangu Mei. Ukumbi wote ukageuka, maana wananijua. Nikasema, "Siku ile mliuliza wagonjwa wako wapi. Huyu ni mmoja wao." Nikakaa.

Kipara alimtazama mama yako, kisha akatazama makaratasi yake, akabaki huko. Mwenyekiti akasema pole sana, maoni yamepokelewa, lakini huduma ikishahamishwa hairudishwi kwa maoni, na chumba chenyewe kina idara nyingine. Halafu akasema tuendelee na taa za barabarani. Tukasikiliza habari za taa mpaka mwisho, kwa kuwa kiti kilikuwa kimezibiwa njia na viti vya wengine.

Tulipokuwa tunatoka, mwenyekiti alitufikia mlangoni. Akapapasa mgongo wa kiti. "Kiti kizuri hiki," akasema. "Nani kashona?"

Mama yako alinitazama, anangoja.

Nikamsukuma, tukatoka.

Anakusalimu. Anasema soksi zile ni nzuri mno na moja haijavaliwa hata siku moja. Ukipata jozi nyingine, anasema, kwanza mtafute huko kambini mwenye mguu wa kulia tu, wagawane.

Mjomba wako.